Agiza jana, ule leo: mlo katika nyumba kongwe za Bagamoyo

Ukifika Mji Mkongwe wa Bagamoyo saa saba mchana, ukakaa, ukaomba samaki wa kupaka na kutaka sahani iwe mezani baada ya nusu saa, utaletewa samaki aliyekaangwa tangu asubuhi, amemwagiwa rojo la nyanya na kupashwa moto. Mpishi hana la kufanya. Samaki wa kupaka wa kweli huchukua saa mbili na nusu hadi tatu tangu nazi ya kwanza ivunjwe, na jiko la mkaa haliharakishwi. Kwa hiyo agiza jana. Pita mwenyewe jioni au piga simu, sema mtakuwa wangapi, mnataka samaki gani, na kama yuko asiyekula pilipili, kisha uache kianzio cha kama nusu ya bei. Migahawa midogo hununua samaki kwa fedha ya siku hiyo hiyo. Bila kianzio mpishi atanunua kidogo na cha bei rahisi, kwa sababu hajui kama kweli utatokea.

Haya yanawahusu zaidi wanaokuja kwa kuambiwa kwamba hapa ndipo wasanii walipokuwa wakila. Mji huu umekula na wasanii kwa zaidi ya miaka 40. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, na baadhi ya walimu wake wa mwanzo walitoka kwenye kikundi cha ngoma cha taifa. Tangu 2007 ni wakala wa serikali, na jina lake ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake lilianza 1982. Hukwe Zawose, fundi wa ala za ilimba na zeze kutoka Ugogo, alifanya makazi yake hapa hadi alipofariki 2003. Lakini mwanafunzi wa ngoma au mchongaji hatafuti vitambaa vya meza. Hula kwa mama lishe, hula sokoni kwenye makarai ya samaki, hula kwenye baraza la nyumba ya mawe ambayo mwenyewe amemzoea na hamfukuzi baada ya kumaliza chai. Nyumba nyingine za aina hiyo leo ni migahawa na nyumba za wageni, na ndizo tunazozizungumzia.

Kwingine duniani ilikuwa vivyo hivyo. Café Central ya Vienna, mkahawa uliofunguliwa 1876, ulipendwa na waandishi kwa kuwa kikombe kimoja cha kahawa kilimruhusu mtu kukaa mchana kutwa akisoma magazeti. Mwandishi Peter Altenberg hata barua zake zilikuwa zikipelekwa hapo. Els Quatre Gats ya Barcelona ilifunguliwa 1897, na mwaka 1900 Picasso, akiwa na miaka 18, akafanya hapo maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Mwaka 1903 ikafungwa. Nyumba inayowaacha watu wakae huishi kwa kile wanachokinywa wakiwa wamekaa, na hilo mteja wa Bagamoyo alijue pia: ukitaka kiti kwa saa tatu, agiza maji, agiza kahawa, agiza kashata, ili kiti chako kimlipe mwenye nyumba.

Historia ya ukutani ichunguze bila kumuudhi mwenyeji. Picha ikiandikwa kuwa ni ya wanafunzi wa Chuo mwaka 1970, basi mwaka umekosewa. Nyumba ikisemwa ni ya zamani za Waarabu, tafuta mahali plasta ilipobanduka: mawe ya matumbawe yasiyolingana, yaliyoshikwa na chokaa, ndiyo dalili. Ukikuta tofali za simenti zilizopangwa sawasawa, jengo ni la juzi. Mlango wa nakshi peke yake hauthibitishi kitu, maana milango huuzwa na kuhamishwa. Njia nzuri ni kupita kwanza Ngome Kongwe ya 1860, Forodha ya 1895 na Boma la 1897 ukatazama kuta zake kwa karibu. Baada ya hapo jicho lenyewe litakuambia.

Sasa mahali pa kukaa. Dari za nyumba hizi zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko ni shida kuvuka mita 3. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Chukua chumba cha mita 2.7: weka katikati meza ya sentimita 80, kila upande zinabaki sentimita 95, mtu aliyeketi anakula 55, zinabaki 40. Mhudumu mwenye sinia hapiti hapo bila kumgonga mtu bega. Mkiwa wanne, meza ikaegemezwa ukutani, chumba kinatosha. Mkizidi sita ombeni ua wa nyuma au baraza, na mlisemee hilo wakati wa kuagiza, si mkishafika.

Saa nayo ina neno lake. Ukuta wa mawe wa unene wa kama nusu mita huhifadhi ubaridi wa usiku mpaka mchana, kisha huanza kuvuta joto la jua na kulitoa jioni. Chakula cha mchana kile ndani. Cha usiku kile nje, kwa sababu saa mbili usiku chumba kile kile kilichokuwa na ubaridi saa saba kitakuwa kama tanuri lililozimwa. Shida ya nje ni mbu kuanzia magharibi. Feni ndogo iwekwe chini, ipulize chini ya meza palipo na miguu. Mbu ni dhaifu wa kuruka na upepo huo unamshinda. Feni ya juu ya kichwa inapoza wali tu.

Kama kuna michoro ukutani, ione kabla taa hazijawashwa. Picha za mtindo wa Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, ambayo hustahimili kufutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kinachoziua Bagamoyo ni ukuta wenyewe. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi, na ubao uliobanwa moja kwa moja ukutani huvimba kwa nyuma hadi rangi ikapasuka. Dawa yake ni vipande viwili vya mbao nyuma ya fremu, picha ikae sentimita 2 mbali na ukuta, hewa ipite. Anayekarabati naye apige lipu ya chokaa. Simenti hufungia maji ndani. Baada ya misimu michache ya mvua hutoka na uso wa jiwe. Inasikitisha kuona nyumba iliyosimama zaidi ya karne ikiumizwa na mfuko mmoja wa simenti uliowekwa kwa nia njema.

Turudi kwenye samaki. Ufuko wa Bagamoyo una kina kifupi. Maji yakitoka, vyombo hubaki juu ya mchanga mbali na Forodha. Udogo huo wa kina ni mojawapo ya sababu zilizowafanya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na mpaka leo ndio unaopanga mlo wako. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika kama 50. Muulize mpishi maji yanajaa saa ngapi, naye atakuambia samaki atampata lini. Chombo kikifika maji yakiwa mbali, samaki hubebwa begani juu ya mchanga wa moto, na asipowekewa barafu hapo ndipo anapoanza kulegea.

Kusi linapovuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali. Tegemea changu na tasi wa karibu kuliko nguru na jodari. Kamba wa hapa hutoka kwenye midomo ya mito ya Ruvu na Wami. Kichwa kikianza kuwa cheusi, waache. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, hivyo siku za mbalamwezi usiwaulizie. Samaki mzima mtazame macho yawe yamejaa na kung'aa, mashavu yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Si utovu wa adabu kumwomba mpishi akuonyeshe samaki kabla hajamparua. Mpishi anayeheshimu kazi yake hufurahi.

Kwa watu wanne panatakiwa samaki wawili wa gramu 700 hadi 800, changu au kolekole. Nazi 2 zilizokomaa za samaki na nyingine 2 za wali. Vitunguu saumu punje 8, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi 2, binzari manjano kijiko cha chai 1, chumvi vijiko vya chai 2, ndimu 1, na ukwaju wa gramu 40 uliolowekwa katika nusu kikombe cha maji ya moto.

Samaki hukatwa mistari mitatu kila ubavu mpaka mfupa, hupakwa nusu ya viungo vilivyotwangwa, chumvi na maji ya ndimu, akaachwa nusu saa, isizidi dakika 45. Wengi hukosea hapa kwa kumwacha tangu asubuhi wakidhani viungo vitaingia zaidi. Ndimu hupika nyama ya juu, ikawa nyeupe na kuvunjikavunjika, na samaki huyo akigeuzwa kwenye wavu huachana na ngozi yake. Kabla ya kuwekwa motoni afutwe maji kabisa na kupakwa mafuta. Mkaa uachwe mpaka uvae jivu jeupe, dakika 25 hadi 30. Ukiweka kiganja kwa umbali wa shibiri kutoka kwenye makaa uweze kuhesabu hadi nne au tano kabla ya kukiondoa. Ukishindwa kufika tatu, moto ni mkali, utaunguza nje na kuacha mbichi ndani. Wavu nao upate moto kwanza. Samaki hunata kwenye wavu baridi, na hapo hata mafuta hayasaidii. Dakika 6 hadi 8 kila upande, ageuzwe mara moja.

Wakati samaki anakaa na viungo, tui hukamuliwa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, huchanganywa na vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, hukamuliwa kwa kifumbu: hilo ndilo tui zito. Machicha hurudiwa na vikombe 2 vingine kupata tui jepesi. Mpangilio ni muhimu kuliko vipimo. Tui jepesi huanza, pamoja na viungo vilivyobaki na manjano, likachemka dakika 10 hadi lipungue nusu. Kisha moto hupunguzwa, tui zito huingia, na mwiko hauachi kuzunguka kwa dakika 12 hadi 15, mpaka rojo livae mgongo wa kijiko. Ukwaju ni wa mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa.

Tui hukatika kwa sababu mbili: limechemshwa kwa nguvu bila kukorogwa, au limetiwa uchachu mapema. Yote mawili hugandisha kile kinachoshikilia mafuta ndani ya maji, mafuta yakapanda juu na chini kukabaki chembechembe. Likianza kukatika, lepuliwe mara moja, litiwe vijiko viwili vitatu vya tui zito bichi, lipigwe kwa nguvu. Litarudi kwa sehemu, halitarudi lote. Wanaoogopa kukatika hutia unga wa ngano. Utautambua ulimini, na rojo hung'aa na kunata kama gundi. Ukiona duara za mafuta ya manjano zinaelea, tui limekatika. Nikichagua kati ya mawili, afadhali lililokatika kuliko la unga; ladha ya nazi bado imo.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyompa samaki huyu jina. Makaa husogezwa pembeni, maana rojo likidondoka juu yake huwasha ndimi za moto na moshi wa nazi iliyoungua ni mchungu. Samaki hupakwa rojo, hukaa dakika 3, hugeuzwa, hupakwa tena, mara mbili au tatu, mpaka liwe tabaka lililokauka kidogo kingoni. Rojo lililobaki huletwa kwenye bakuli. Jikoni penye haraka hatua hii hurukwa, rojo likamwagwa tu juu ya samaki sahanini. Tofauti unaiona kabla ya kuonja: aliyepakwa ana rojo lililoshika kwenye mistari ya ubavu, aliyemwagiwa ana dimbwi.

Wali wa nazi kwa hao wanne ni mchele gramu 700 hadi 800, na tui lote kwa pamoja lita 1.2 hivi, pungufu kama mchele ni wa mavuno mapya. Mchele huoshwa hadi maji yawe karibu maangavu. Tui jepesi na chumvi huchemka kwanza, mchele huingia, na tui zito hutiwa maji yakiwa yamebaki nusu. Yakikauka, moto wa chini hupunguzwa, makaa hupaliwa juu ya mfuniko, dakika 20, na mfuniko usifunuliwe. Wali wenye kiini kigumu ni wa mtu aliyefunua kuchungulia. Omba ukoko. Migahawa mingi haiutoi kwa mgeni kwa kuogopa kuonekana imemletea masalio, lakini mpishi akiulizwa ukoko hujua ana mlaji mezani.

Mkiletewa sinia moja, kila mtu ale upande wake kwa mkono wa kulia, samaki akiwekwa katikati na mkubwa wenu ndiye anayemmega na kuwagawia. Pombe usidhani ipo. Nyumba nyingi ni za Waislamu, uliza kwa adabu wakati wa kuagiza. Mwezi wa Ramadhani mchana majiko mengi yamefungwa, na badala yake kuna futari.

Wakati wa Tamasha kanuni hubadilika. Kwa miaka mingi limekuwa likiangukia kati ya Septemba na Novemba, na siku hizo mji hujaa kuliko majiko yake. Agiza siku mbili au tatu kabla, na ule saa 10 jioni. Kuanzia saa 12 watazamaji wote wanatafuta chakula kwa pamoja, mkaa unaongezwa juu ya mkaa ambao haujavaa jivu, na samaki wanatoka wameungua. Wachezaji wenyewe hawali kizito kabla ya kupanda jukwaani, kwani ngoma za mruko hazipatani na tumbo la wali. Wao hula baada ya onyesho, saa 4 usiku na kuendelea. Ukitaka kukaa meza moja nao, hiyo ndiyo saa, na jambo la busara ni kumwambia mpishi mapema apike sinia moja zaidi kwa hesabu yako. Wakati huo vyakula vya nazi vilivyopikwa mchana vimeshaanza kuchacha kwa joto. Tui halivumilii zaidi ya saa chache bila barafu. Ulizia kilichopikwa magharibi, au chukua samaki wa kukaanga na muhogo.

Kahawa usiinywee mezani kwa haraka. Hamia baraza, umsubiri muuza kahawa mwenye dele lililokaa juu ya makaa yake, akigonganisha vikombe vidogo visivyo na mkono. Ni chungu, haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata. Lipa kila kikombe unapokimaliza, maana hesabu ya mwisho hupotea watu wakizidi. Kashata chagua kwa kuivunja. Ya karanga ikikatika kwa mlio, ni nzuri. Ikinyumbuka, imevuta unyevu wa bahari. Mwombe akutolee iliyo ndani ya kopo.